Miwani Iliyobaki Msumarini

Kila asubuhi naanza na maji. Naweka sufuria jikoni, napepea makaa, na mvuke ukianza kupanda naenda kumwamsha Mama. Nampa uji kwanza, kijiko kwa kijiko, kwa upande wa mdomo ambao haukulegea. Kisha namwogesha.

Siku hiyo hatukufika hata kwa uji. Mlango wa mabati wa uani uligongwa.

"Hodi hapa."

Sauti hiyo niliijua, na ndiyo maana sufuria nusura inidondoke. Ilikuwa ya Ndolo, mume wa dada yangu Yvonne.

Kwetu Ukambani mkwe haji kwa mama mkwe hivi hivi, kama muuza sukuma wiki. Anatuma habari mapema, ili mama mkwe ajifunge leso vizuri na akae mahali pake. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Ndolo naye ni mtu wa Mutomo, na watu wa upande ule hawafanyi mchezo na nthoni. Tangu amwoe Yvonne, yeye na Mama wamesalimiana ukuta ukiwa kati yao.

Mliosoma hadithi yangu wiki jana mnajua nilivyofika hapa. Nilimaliza diploma ya ualimu wa chekechea, kazi ikakosekana. Mama akaangushwa na kiharusi katikati ya maombi kanisani, nikarudi Mukuyuni kumtunza. Ndipo akaja Mbithi wa kampuni na miwani yenye kamera. Nivae nikipika, nikifua, nikipeta ndengu, ili mashine zao zijifunze jinsi mikono ya watu inavyofanya kazi. Walinipima hata macho, wakaniwekea lenzi zangu. Mbithi aliapa kwamba nyuso zitafunikwa, na hakuna binadamu atakayetazama. Ni mashine tu.

Niliishia nikimshukuru Mungu kwa kazi. Afadhali ningenyamaza.

Nilitoka mbio. Ndolo alikuwa amesimama nje ya ua, mgongo kwa nyumba, anatazama barabara kama anayengoja gari.

"Shemeji! Kuna nini? Yvonne anaumwa?"

"Yvonne ni mzima. Hajui niko hapa."

"Basi karibu, usisimame juani kama..."

Akageuka, akaniona, akajikinga uso kwa mkono kama mtu aliyemulikwa tochi.

"Vua hiyo miwani kwanza."

"Haijawashwa, shem."

"Vua, Kavata. Ikunje. Mikono yote miwili. Itie mfukoni."

Niliivua, nikaikunja. Bila miwani mimi naona rangi na vivuli tu. Ndolo akawa shati jeupe lisilo na uso.

Ndipo nikashtuka. Amejuaje habari ya kukunja mikono yote miwili ya miwani? Ikishawashwa, hiyo ndiyo njia pekee ya kuizima, na nilifundishwa na Mbithi peke yake.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Mama anaendeleaje?" akauliza.

"Anaendelea vizuri. Anangoja maji ya kuoga."

Aliguna kama mtu aliyechomwa mwiba. "Leo usimwogeshe."

"Wui! Kwa nini?"

"Kavata, ile nyumba niliyomjengea kule mjini Wote. Naona ingoje kidogo."

Nyumba hiyo ilikuwa tumaini letu lote. Ndolo aliijenga nyuma ya nyumba yake, chumba kimoja, na mlango wake akauelekeza upande wa pili ili Mama atoke na kuingia bila kukutana na mkwe wake. Kutoka pale hadi kwa mtaalamu wa kumnyoosha mkono na mguu ni karibu. Daktari alisema akikaa huku kwetu bila mazoezi, ule mkono hautaamka tena. Tulikuwa tumepanga ahamie Jumamosi.

"Ingoje nini, shem? Umeshapaka hata rangi!"

"Siwezi kukaa naye boma moja. Sistahili."

"Umefanya nini?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Harusi yangu," akasema.

Nilidhani jua limempiga. Nilimwambia aje kivulini, akakataa kusogea hata hatua.

"Nilikuwa kazini jana," akaendelea, sauti chini. "Unajua niliwaambia ni kazi ya kompyuta. Sikuwaambia ni ya nini, kwa sababu tulikatazwa kumwambia mtu, hata bibi. Sisi hutazama video. Watu wanapika, wanafua, wanalisha kuku. Tunaandika chini: huyu anakata kitunguu, huyu anasuuza kikombe. Mashine haijui inachokiona, shem, mpaka mtu aiambie. Mimi ndiye huyo mtu."

"Lakini Mbithi alisema hakuna binadamu..."

"Mbithi alisema. Sasa jana ikaja moja. Nyuso zote zilikuwa ukungu. Ukutani kulikuwa na picha ya harusi, nayo nyuso ni ukungu. Lakini mtu anaijua suti aliyoazima. Hebu niambie, Ukambani hii yote, ni nani mwingine alifunga ndoa na suti ya kijani?"

Siku nyingine ningecheka. Suti ile ilikuwa ya Musembi, mpiga kinanda wa kanisa lao, na Yvonne hadi leo humtania kwamba aliolewa na mmea wa mahindi.

Lakini picha ya ile suti, nyumbani kwetu, iko mahali pamoja tu. Iko juu ya kitanda cha Mama.

"Ndolo. Hiyo video ilikuwa ya nini?"

Alitazama barabara.

"Kulikuwa na beseni," akasema.

Beseni hilo ni la kumwogeshea Mama.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Naapa nilivua. Simwogeshi Mama nikiwa na miwani, hata ile yangu ya zamani sikuwa nayo nikimwogesha, na si kwa sababu ya kamera. Mtoto hatazami mwili wa mama yake. Ukungu wa macho yangu ndio pazia ninalomwekea. Kwa hiyo kila asubuhi naivua na kuitundika kwenye msumari kando ya dirisha, ikining'inia kwa mkono wake mmoja bila kukunjwa, kama nilivyotundika kila miwani tangu nikiwa kidato cha pili.

Mkono mmoja. Ikiwa wazi. Ikitazama kitanda.

Niliivua ili nisione. Nayo ikakaa pale ikaona kila kitu.

"Zamani angechinjwa mbuzi," Ndolo akasema, "tukasafishwa, maisha yakaendelea. Sasa sote tumeokoka. Mbuzi tumemwacha, aibu tumebaki nayo."

"Ulikuwa wewe peke yako?"

"Ile moja niliipata mimi. Zingine sijui. Mle ndani tuko wengi, Kavata. Vijana wa juzi juzi."

Nilimpigia Mbithi hapo hapo. "Usinitaje," Ndolo akaninong'oneza. "Tafadhali. Hiyo kazi ndiyo inamlisha dadako."

Mbithi alipokea kwa furaha. "Kavata wa Mukuyuni! Nyota yangu! Zile video za ndengu zimependwa sana huko juu."

"Asante. Kuna moja... ningeomba, kama si usumbufu... ifutwe."

"Ipi?"

"Ya asubuhi."

"Asubuhi unafanya nini?"

"Mambo ya nyumba."

"Sasa dadangu, nikifuta mambo ya nyumba nitabaki na nini? Si hiyo ndiyo kazi?"

Mimi sijui kubishana. Chuoni nilikuwa naacha mtu aniruke kwenye foleni kuliko kumwambia mimi ndiye nilitangulia. Lakini nilifumba macho nikasema, "Kuna mtu mwingine ndani yake. Hakukubali kupigwa picha."

Sauti ya Mbithi ikabadilika. "Umejuaje? Video ukishaituma huioni tena. Nani amekuambia kuna nini ndani?"

Ndolo aliweka mikono yote miwili kichwani.

"Niliota," nikasema. Mungu anisamehe.

"Uliota."

"Ndiyo."

"Haya, Yusufu wa Mukuyuni, nisikilize." Sasa hakuwa na utani. "Sheria ni moja. Anayeonekana ndiye anayeomba. Yeye mwenyewe, kwa sauti yake. Ataje jina, aseme ni video gani anataka ifutwe, na aseme ameelewa. Mimi narekodi simu, napeleka, inafutwa. Lakini mzigo wa video za wiki hii unaenda ng'ambo saa sita mchana. Ukishavuka, mimi si mtu wa kuufikia tena, na huko watu hawanijui hata jina."

"Na kama hawezi kuongea?"

"Hawezi?"

Ningesema hawezi. Neno moja tu. Lakini mdomo wa Mama, hata ukiwa umelegea upande mmoja, bado huniombea kila jioni.

"Anaweza," nikasema.

"Basi mpe simu. Nangoja."

Niliiziba simu kwa kiganja, nikamweleza Ndolo. Alitikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi.

"Akijua, hatakanyaga Wote maisha yake yote. Namjua. Ataona heri mkono ukauke."

"Asipojua, inakwenda. Itatazamwa na nani huko? Kwa muda gani?"

"Wewe ndiye umesoma. Si umwambie tu aseme 'ifutwe'? Lazima ajue ni nini?"

Na mimi, wasomaji wangu, nilikubali. Nilivaa miwani nipate kuona njia, nikaingia ndani nikiwa nimepanga kumdanganya mama yangu mgonjwa kwa faida yake.

Mama alikuwa ameketi, mto mgongoni, gauni la kulalia limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Uji umepotelea wapi?" akauliza. Maneno yake hutoka polepole siku hizi, lakini hutoka yote. "Na nani huyo nje anaongea kama aliyefiwa?"

"Ni mtu wa kununua mbuzi."

"Siku hizi mnunuzi wa mbuzi anaitwa shemeji?"

Nilitazama sakafu.

"Mwambie mkwe wangu nimemsikia, na nimemsalimia," Mama akasema. Akatabasamu kwa ule upande unaotabasamu. "Amekuja kunichukua kabla ya Jumamosi? Mwambie sijafunga nguo. Mwambie pia asinione nimekaa kimya, nyumba yake naiombea kila siku."

Nikaweka simu kitandani, sauti ikiwa juu.

"Mama, kuna mtu wa ofisi. Anataka useme neno dogo tu. Sema: mimi Syokau, nataka ifutwe."

"Ifutwe nini?"

"Ni kitu cha kampuni."

"Wananifuta kwenye daftari la kura?"

"Hapana, Mama. Sema tu 'ifutwe', halafu nikuletee uji."

Mama alinitazama. Wanawake wa kanisa letu wanalijua lile jicho. Lilikuwa likimwangukia mtu aliyesinzia kwenye kesha, anaamka bila kuguswa.

"Kavata, nimeongoza maombi ya wanawake tangu hujazaliwa. Sijawahi kusema amina kwa ombi ambalo sijalisikia. Nianze leo?"

"Mama ana haki," Mbithi akasema kutoka kwenye simu. "Lazima aelewe. Na saa inakwenda."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikaushika ule mkono wake usiosikia, kwa sababu sikuthubutu kuushika unaosikia.

"Mama, hii miwani ilikupiga picha."

"Nikila?"

"Hapana."

"Nikilala?"

"Nikikuogesha."

Nje, kuku walikuwa wakiparuza mlangoni na mimi nikawasikia kila mmoja.

"Ulisema kamera iko machoni pako," akasema mwishowe. "Na machoni huwa huivai ukiniosha. Nilikuwa nikiona. Nilikuwa nikisema, huyu mtoto nimemlea vizuri."

"Niliitundika pale. Sikuikunja."

Alitazama msumari. Aliutazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima umbali kati ya msumari huo na kitanda.

"Nani ameona?"

Nilianza kukunja ncha ya blanketi.

"Kavata. Nimeuliza nani."

Macho yangu hayajui kuficha. Yalipanda yenyewe ukutani, kwa ile picha, kwa ile suti ya kijani. Mama akayafuata. Kisha akasikiliza upande wa nje, ambako mtu alikuwa akivuta kamasi na kujaribu kuifanya isikike kama kikohozi.

"Wui," akasema kwa sauti ndogo kabisa.

Na akavuta blanketi kwa mkono wake mmoja, hadi kidevuni, ingawa vifungo vyake vyote vilikuwa vimefungwa. Jambo hilo ndilo lililonimaliza. Nililia mbele ya Mbithi na kampuni yake yote.

"Mama, sema tu," nikamwomba. "Sema ifutwe. Bado kuna muda. Tutasahau. Hatutalitaja tena milele."

"Haitasaidia kitu."

Hakuwa Mama aliyesema. Sauti ilitoka dirishani. Ndolo alikuwa amesogea hadi ukutani, na nilipoinua macho niliona kisogo chake tu. Alikuwa ameipa nyumba mgongo hata wakati huo.

"Mama, nisamehe nikiongea," akasema. "Kavata sikumwambia yote. Nilimwambia nimeona. Kuona si kitu, mtu anaweza kuona kwa bahati mbaya. Pale kwenye kompyuta kuna mahali pa kubonyeza uiruke video, ipite. Sikuiruka."

"Ndolo, nyamaza!" nikasema.

"Ukiruka, msimamizi anakuja. Anauliza kwa nini umeruka. Ningemjibu nini? Kwamba huyo ni mama mkwe wangu? Vijana wote wakisikia? Nilishindwa kutamka. Niliona aibu kusema, kwa hivyo nikaandika. Nilitazama mwanzo mpaka mwisho, Mama, nikaandika kila kitu kinachofanyika, kama tunavyofundishwa. Nikapeleka. Video wakifuta, yale maneno niliyoandika yamebaki. Mashine imeshayasoma."

Kwenye simu Mbithi akasema polepole, "Ndolo? Ndolo wa meza za nyuma? Ni wewe hapo?"

Ndolo alikaa chini kwenye ukuta, nikasikia mgongo wake ukiteleza kwenye matofali.

Nilimtazama Mama nikitarajia kilio. Nikitarajia amfukuze, ama anifukuze mimi. Nilitarajia aniambie nitie moto ile nyumba ya Wote pamoja na rangi yake.

Alikuwa akihema tu, macho yamefumbwa.

"Mama," Mbithi akaita, "mimi nasikitika sana. Lakini nahitaji jibu. Unasema ifutwe, au unaiacha?"

"Ngoja wewe," Mama akaiambia simu, kama anayemwambia mtoto wa shule ya Jumapili. "Kavata, niletee kitambaa changu cha kichwa. Kile cheupe cha meza ya Bwana."

Nilikileta. Nikamfunga, na yeye akanyoosha shingo ili nikaze vizuri nyuma. Akaniambia nimvalishe sweta, kisha leso juu ya magoti. Akanyoosha leso kwa mkono wake mzima hadi mikunjo yote ikaisha. Halafu akatazama mlango, mlango ambao mwanamume yule hajawahi kuuvuka Mama akiwa chumbani.

Na akafanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwetu. Alimwita mkwe wake kwa jina lake.

"Ndolo!"

Nje, pumzi zilisimama.

"Umenitazama sijavaa, na hukupiga hodi. Sasa simama, zunguka, upige hodi kama mtu, uingie ndani, unitazame nikiwa nimevaa. Kisha usimame hapa mbele yangu na uniambie kwa mdomo wako, neno kwa neno, uliandika nini juu yangu."